Kisoma kadi chembamba cha mlangoni: angalia nyuma yake kwanza

Milango mingi ya maduka, ofisi na maghorofa ya kupangisha mijini siku hizi ni ya vioo kwenye fremu za alumini. Uso wa fremu hiyo mara nyingi ni milimita 40 hadi 50 tu, na hapo hapo mwenye jengo anataka kifungwe kifaa cha kufungulia kwa kadi. Anakwenda dukani na swali moja: vidogo vipo? Vipo, vya kila bei, vyeusi vyote, vyenye kitaa kimoja cha kijani na chekundu, utadhani vimezaliwa tumbo moja. Tofauti yake haionekani kwa mbele. Huonekana pale mtu mwenye bisibisi anapokibandua kifaa saa nane za usiku, na litakalotokea hapo lilishaamuliwa dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa, rangi, au kama kinasoma simu, uliza hivi: nikikiondoa kifaa hiki ukutani, nitakuta nini nyuma yake?

Chenye rilei ndani na kisicho nayo

Aina ya kwanza hujitegemea. Antena, vitufe vya namba, kumbukumbu ya kadi na rilei ya kufungulia kitasa (swichi inayojiwasha kwa umeme) vyote vimo kwenye ganda moja. Ni rahisi, fundi anaimaliza kwa saa chache, na kwa mlango mmoja inavutia sana. Ila nyaya za kitasa zinaishia kwenye kifaa hicho hicho kilicho nje, mikononi mwa kila apitaye. Skrubu iliyokishika mara nyingi ni moja, chini ya ganda. Ikifunguliwa, kazi imekwisha. Kitasa cha ulimi wa umeme hufunguka kikipata umeme, hivyo mtu akigusanisha nyaya mbili za rilei mlango umefunguka. Kitasa cha sumaku ni kinyume chake: kinashika kikiwa na umeme, kwa hiyo kukata waya mmoja kunatosha. Na nyaya za swichi ya kutokea nazo huwa zimeingizwa humo humo; zikigusanishwa, kifaa chenyewe kinaamini kuna mtu ndani anataka kutoka, kinamfungulia.

Aina ya pili ni kisoma kadi tupu. Hakina rilei wala orodha ya kadi. Kinasoma namba na kuipeleka kwenye bodi ya kudhibiti iliyo ndani ya jengo, darini au kwenye kabati lenye ufunguo, na bodi hiyo ndiyo inayofungua. Aking'oa kisoma kadi cha aina hii, mtu anabaki na nyaya za umeme mdogo na za data. Zinaweza kumsaidia kwa njia nyingine tutakayoifikia, lakini mlango haufunguki kwa kugusanisha.

Msimamo wetu ni huu: mlango wa stoo au chumba cha mashine ulio ndani ya ofisi yenye mlinzi, chenye rilei ndani kinatosha. Mlango unaotazama barabara, korido ya wapangaji au ngazi za pamoja, usikiweke. Kama umeshakinunua hakijapotea bure. Vingi vya aina hii vina hali ya kufanya kazi kama kisoma kadi tupu. Tafuta kwenye karatasi ya maelekezo sehemu inayotaja Wiegand, yaani njia ya kupeleka namba ya kadi kwa nyaya hadi kwenye bodi, kisha ongeza bodi ndogo ya mlango mmoja ndani. Na kabla ya yote badilisha namba kuu ya fundi. Vinatoka kiwandani na namba rahisi kama 123456 au 888888, na maelekezo yake yanapatikana kwenye intaneti kwa yeyote mwenye simu.

Kadi ndiyo ufunguo wenyewe

Tagi za bei rahisi, zile za plastiki za bluu zinazotundikwa kwenye funguo, nyingi ni za masafa ya 125 kHz. Hazina siri yoyote. Zikikaribia antena zinatamka namba yao, na kifaa cha mkononi kinainakili kwenye tagi tupu kwa sekunde chache. Kwenye ghorofa la kupangisha maana yake ni kwamba mpangaji anaweza kutoa nakala kumi wewe ukiwa na moja tu kwenye daftari. Ukifuta namba yake zote zinakufa pamoja, ndiyo, lakini mpaka siku hiyo hujui ni watu wangapi wanaingia.

Kadi za 13.56 MHz zina uwezo zaidi, ila uwezo si lazima utumike. Aina ya MIFARE Classic, iliyoenea kuliko zote, usimbaji wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi. Ndugu yake mpya zaidi, DESFire, hutumia AES, usimbaji imara wa biti 128, na mpaka sasa ndicho cha kupendekeza kwa mlango wa nje.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Visoma kadi vingi vya bei ya chini, hata vikiandikwa kwamba vinasoma DESFire, husoma ile namba ya kadi inayotangazwa wazi tu, si faili lililofungwa kwa ufunguo. Namba hiyo ya wazi inanakilika, maana kuna kadi tupu zinazokubali kuandikwa namba yoyote. Umenunua kadi ya gharama ukaitumia kama tagi ya bluu. Muulize muuzaji kwa maneno haya: kinasoma namba ya wazi au data iliyofungwa, na funguo za siri nitakabidhiwa mimi au zitabaki kwako? Zikibaki kwake, kila kadi mpya utainunua kwake kwa bei anayotaka yeye.

Jambo jingine linalowachanganya mafundi ni namba zilizochapwa kwenye kadi. Tuseme kadi imeandikwa 0001234567 018,54919. Hizo si namba mbili tofauti. Chukua 18, zidisha mara 65,536, jumlisha 54,919, unapata 1,234,567. Ya kwanza ni namba nzima, ya pili imegawanywa: 18 inasimama kama namba ya jengo, 54919 kama namba ya kadi. Bodi iliyowekwa kwenye Wiegand ya biti 26 inapokea biti 8 za jengo na 16 za kadi, na biti mbili za kukagua makosa, basi. Biti za juu zaidi za kadi zinatupwa, ndiyo maana kadi mbili tofauti zinaweza kuonekana moja. Kisoma kadi kikituma biti 34 wakati bodi inasubiri 26, utasikia mlio wa kusoma, taa itawaka, mlango hautafunguka, na fundi atabadilisha kitasa bure. Hakikisha pande zote mbili ziko kwenye idadi moja ya biti, na ukiweza chagua 34.

Nyaya zinazobeba namba

Wiegand ni njia ya zamani na karibu kila bodi inaielewa: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data, na nyingine za taa na mlio. Inafika mita 150 kwa waya mzuri. Udhaifu wake ni kwamba namba inapita wazi, upande mmoja tu. Mtu akipachika bodi ndogo ya kielektroniki nyuma ya kisoma kadi, anakusanya namba za wapangaji wote na baadaye anazirusha tena kama kadi halali. Bodi nayo haina namna ya kujua kama kisoma kadi kiko hai au kimekatwa.

OSDP ndiyo njia mpya ya kazi hiyo hiyo. Inapita kwenye RS-485, aina ya laini ya data ya masafa marefu, inazungumza pande zote mbili, inafika mita 1,200, na ina njia ya siri yenye AES ya biti 128. Tangu 2020 ni kiwango cha kimataifa, IEC 60839-11-5. Kwa jengo jipya ambalo mabomba ya nyaya bado yanalazwa, hatuoni sababu ya kununua kitu kisichokuwa nayo. Matatizo yake ni ya mpangilio. Visoma kadi viwili vikiwa na anwani moja kwenye laini moja, kwa kawaida sifuri ya kiwandani, kimoja kinapotea au vyote vinayumba. Kasi ikiwa 9600 upande mmoja na 115200 mwingine, kimya. Mwisho wa laini ndefu unahitaji kizuizi cha ohmu 120. Kosa baya kuliko yote ni fundi kuacha ufunguo wa kiwandani au kutowasha kabisa ile njia ya siri: mfumo unafanya kazi vizuri, mteja anafurahi, na usalama alioulipia haupo.

Kwa nyumba yenye mlango mmoja au miwili, Wiegand bado inafaa, mradi kisoma kadi kiwe na swichi ya kutoa taarifa kinapobanduliwa, na swichi hiyo iunganishwe kweli. Mara nyingi waya wake hukunjwa ukaachwa ndani ya boksi. Ukitumia waya wa mtandao wa kompyuta, Cat5e au Cat6, usiweke kijani na nyeupe kwenye jozi moja iliyosokotwa, maana mapigo ya mmoja yanaingia kwa mwenzake. Kila mmoja umpe jozi yake na mwenza wake awe waya wa hasi.

Kupima kabla ya kununua

Pima uso wa fremu kwa rula ya chuma, si kwa macho. Visoma kadi vya fremu vina upana wa karibu milimita 45, na fremu ya 40 itaviacha vikining'inia ukingoni. Angalia pia kina: kioo au bawa la mlango likifunguka lisikigonge. Ndani ya fremu kuna uwazi, ila kona huwa na vipande vya kuungia vinavyozuia waya, kwa hiyo toboa mbali na kona, na chomeka kipande cha mpira kwenye tundu. Alumini iliyotobolewa ina makali, na miezi ya mlango kupigwa inatosha kuimenya ngozi ya waya.

Kama kinafungwa ukutani, kumbuka boksi letu la 3x3 lina skrubu zenye umbali wa milimita 60 hivi na sahani ya milimita 86 kwa 86. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vina matundu ya boksi lao la kusimama, karibu milimita 83, na havikai. Tafuta chenye umbo la 86 kwa 86, vinginevyo utatoboa upya na kuficha boksi la zamani kwa mfuniko.

Chuma hula umbali wa kusoma. Kifaa kinachosoma kwa sentimita 5 mezani kinaweza kutaka kadi iguse kabisa kikishafungwa kwenye alumini. Vizuri vimepangwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani. Kwa vingine, kipande cha plastiki cha milimita 5 hadi 10 nyuma yake kinarudisha sehemu ya umbali. Usiweke viwili mgongo kwa mgongo, cha kuingilia na cha kutokea, kwenye ukuta mwembamba. Kimoja kitasoma kadi ya mtu aliye upande wa pili, au vyote vitakosa kusoma. Visogeze, kimoja juu na kingine chini, au mbalimbali kwa nusu mita.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una sharti lake: mlango wa nakshi na fremu yake havitobolewi. Nyumba za wageni huweka kisoma kadi ukutani, pembeni, na kuta zile za mawe ya matumbawe ni nene, hivyo tenga muda wa kutoboa na drili ndefu.

Jua, mvua, chumvi na sisimizi

Alama ya IP hueleza jinsi ganda linavyozuia vumbi na maji. IP65 inatosha chini ya kibaraza. Kwa ukuta unaopigwa na mvua ya moja kwa moja chukua IP66 au 67. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu chumvi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kinachooza kwanza ni skrubu na viungo vya nyaya, si ganda. Badilisha skrubu za boksi kwa za chuma cha pua cha daraja la 316, na viungo vifungwe kwa viunganishi vyenye jeli, si kwa kusokota na kuzungusha selotepu. Chagua kifaa ambacho bodi yake imemiminiwa epoksi yote. Wadudu wanapenda joto la vifaa vya umeme, na sisimizi wakishatengeneza makazi ndani, vitufe vinaanza kujibonyeza. Paka silikoni juu na pembeni, chini uache wazi ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.

Mlango wa mtaani unaweza pia kupigwa teke au jiwe. Alama ya IK10 inamaanisha kimestahimili kishindo cha joule 20. IK08 ni joule 5.

Umeme ndio unaoamua kama mlango utabaki umefungwa

Kitasa cha sumaku cha kilo 280 kinakula karibu nusu ampea kwa volti 12, usiku na mchana. Fundi akikipelekea umeme kwa jozi moja ya Cat5e umbali wa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, yaani ohmu 5 hivi. Hapo zinapotea volti 2 au zaidi njiani. Kitasa kinapata 10 badala ya 12, kinashika kwa unyonge, na mtu mwenye nguvu akisukuma kwa bega anaingia. Waya wa milimita mraba 1 kwa umbali huo huo unapoteza nusu volti tu. Kwa hiyo Cat6 ibebe data na umeme wa kisoma kadi, ambao ni mdogo, na kitasa kipewe waya wake.

Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba, na ukikunjwa mara chache unakatika.

Kitasa cha ulimi kikizimwa kinarudisha mshtuko wa umeme unaochoma ncha za rilei au kuzima na kuwasha kisoma kadi. Diodi ya 1N4007 inamaliza tatizo hilo kwa bei ya pipi. Ifungwe kwenye kitasa chenyewe, upande wenye mstari uelekee chanya. Ikigeuzwa, inapiga shoti.

Halafu betri. Sumaku nusu ampea, bodi na visoma kadi viwili karibu 0.4, jumla 0.9. Betri ya volti 12 na Ah 7 kwa hesabu ya karatasi inadumu saa 7 na ushee. Panga kwa saa 5, na pungufu zaidi kama inakaa darini chini ya bati. Umeme wa TANESCO au Kenya Power ukikatika usiku kucha, betri inaisha na sumaku inaachia: duka lipo wazi bila mtu kuvunja kitu. Kwa mlango wa duka usio na mlinzi tunashauri kitasa cha ulimi kinachobaki kimefungwa umeme ukiisha, chenye mkono wa kawaida ndani wa kutokea na tundu la ufunguo nje.

Sumaku ina mahali pake, kwenye milango ya vioo ya ofisi na njia za watu wengi, ila iende na kisanduku cha kijani cha dharura kinachokata umeme wa kitasa moja kwa moja. Si kupitia bodi. Bodi ikiganda, swichi inayoitegemea haifanyi kitu, na watu wako ndani. Kama jengo lina kengele ya moto, rilei yake nayo ikate mkondo huo huo.

Simu, namba na vidole

Kufungua kwa simu kunafaa ofisi zenye wageni wengi, maana ruhusa inatumwa na kufutwa bila kukutana. Usiache kadi, simu huisha chaji. Vitufe vya namba vinachakaa kwa kubonyezwa, na vile vinne vilivyong'aa vinasema namba yenyewe, ikabaki kubahatisha mpangilio 24 tu. Badilisha namba kila baada ya muda, au itumike pamoja na kadi.

Alama za vidole zinawasumbua mafundi wa ujenzi, wapishi na wafua nguo, ambao ngozi ya ncha za vidole imesagika, na sensa ya kioo ikipigwa na jua haioni. Kisheria pia ni mzigo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 zote zinahesabu alama za mwili kuwa taarifa nyeti. Kwa wapangaji wa kawaida hatuoni zinakoongeza kitu ambacho kadi nzuri haifanyi.

Siku ya kukabidhiwa

Usisaini kabla ya kufanya haya mbele ya fundi. Zima umeme kwenye swichi kuu na usubiri saa nzima, kisha jaribu kadi. Pima volti kwenye kitasa chenyewe kikiwa kimeshika, si kwenye boksi la betri. Chini ya 11.5 waya ni mwembamba. Bonyeza kisanduku cha dharura huku bodi ikiwa imechomolewa. Legeza kisoma kadi kidogo ukutani uone kama taarifa inafika. Sajili kadi moja, ifute, ijaribu tena. Mwisho dai vitu vitatu kwa maandishi: namba kuu mpya, funguo za kadi, na mchoro wa nyaya wenye rangi, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la bodi.